Weusi Hauna Maficho: Vito vya Kigothi kwa Udongo wa Polima

Anayeanza kutengeneza vito vya kigothi, mtindo wa mavazi na mapambo meusi, hudhani rangi nyeusi itamsitiri. Kwenye udongo wa polima, plastiki laini inayofinyangwa na kuokwa, ni kinyume kabisa. Unywele wa paka, uzi wa fulana, alama ya kidole gumba, kiputo cha hewa, doa jeupe la unyevu: kila kimoja huonekana kwenye nyeusi kuliko kwenye rangi ya chungwa au ya majani. Ndiyo maana unaweza kukuta kidani chenye popo, fuvu, msalaba na waridi kwa pamoja na bado kikafanana na kitu cha kuchezea, huku kingine chenye tao moja tu kikaonekana kimetoka kwenye sanduku la bibi kizee wa karne ya 19. Tofauti iko kwenye namna weusi ulivyotunzwa, wapi umeng'arishwa na wapi umeachwa ufifie.

Kuiga weusi kwa kitu kingine ni kazi ya zamani. Mji wa Whitby, pwani ya Yorkshire nchini Uingereza, ulijulikana kwa jeti, jiwe jeusi jepesi ambalo asili yake ni mbao za miti ya kale zilizozikwa zikageuka mfano wa makaa. Mume wa Malkia Victoria, Prince Albert, alipofariki tarehe 14 Desemba 1861, malkia aliingia kwenye msiba ambao hakuutoka tena, na vito vyeusi vikawa vazi la heshima nchi nzima. Jeti halisi ilikuwa ghali, kwa hiyo wasiomudu walivaa vioo vyeusi, mbao zilizotolewa kwenye matope ya mabwawa, au valkanaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa hadi ukawa mgumu. Kila bandia ilikuwa na aibu yake. Kioo ni kizito na baridi mkononi, na valkanaiti ikipigwa na jua miaka mingi huwa kahawia. Udongo wa polima umeingia kwenye orodha hiyohiyo ukiwa na sifa moja nzuri: ni mwepesi na una joto la mkononi, kama jeti yenyewe. Whitby nako kumeendelea kuwa nyumbani kwa weusi. Tangu 1994 wapenzi wa mtindo wa kigothi hukusanyika huko kwa tamasha lao.

Udongo huu si udongo wa shambani. Ni chembe za PVC, ndugu wa mabomba ya maji, zilizochanganywa na kilainishi, kijazo na rangi. Hauanikwi ukakauka; unaokwa. Joto likifika kiwango chake, chembe hunyonya kilainishi, huvimba na kuyeyukiana hadi zinakuwa kitu kimoja. Shika hilo, kwa sababu karibu kila kosa la kuoka linaanzia hapo.

Kwa vito nunua Fimo Professional, Premo au Cernit. Kato ni imara sana lakini ni ngumu kuikanda, na huokwa kwa joto la juu zaidi. Sculpey III ni laini na rahisi kwa watoto, ila ukiitumia kwa kitu chembamba kama bawa la popo, bawa litakatika. Kipande cha gramu 57 kinatosha vidani kadhaa vya ukubwa nitakaoueleza hapa chini, na bado utabaki na mabaki ya hereni.

Nyeusi ya kutoka kwenye pakiti ni nyeusi ya tairi, imekufa. Changanya sehemu 8 za nyeusi na sehemu 1 ya kahawia iliyokoza, ukipenda weusi wenye joto kama jeti, au sehemu 1 ya bluu iliyokoza ukitaka weusi wa manyoya ya kunguru. Ukiongeza sehemu 1 ya udongo angavu, ule usio na rangi, weusi hupata kina kidogo baada ya kung'arishwa. Usizidishe uangavu: zaidi ya robo ya mchanganyiko utaanza kuona kijivu, na madoa meupe ya unyevu nayo yatajitokeza.

Madoa hayo yanastahili maelezo. Huwa kama miezi michanga midogo, mieupe, iliyokaa chini kidogo ya uso wa kito baada ya kuokwa. Hutokana na hewa au unyevu ulionaswa ndani. Msasa hauyaondoi, kwa kuwa ukifuta moja unafunua jingine. Dawa yake ni kabla ya kuoka: mikono mikavu kabisa, na unapopitisha udongo kwenye mashine ya tambi, ingiza upande uliokunjwa kwanza ili hewa isukumwe nje badala ya kufungiwa. Ukipitisha mara 15 hadi 20 kwenye unene mkubwa, udongo unakuwa tayari. Kingo zinaacha kupasuka na kipande kinakunjika bila ufa. Asiye na mashine atumie chupa ya kioo iliyonyooka. Fimbo ya chapati ya mbao huacha alama za nyuzi za mti, na kwenye nyeusi alama hizo zitakusumbua hadi mwisho.

Kwa anayefanya kazi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, joto la chumba ni tatizo la kweli. Kwenye nyuzi 32 udongo unanata vidoleni, unapokea kila alama na kupoteza umbo unapouinua. Ukiona hivyo, utandaze uwe bapa, uweke katikati ya karatasi mbili nyeupe za kawaida, weka kitabu juu, subiri saa moja. Karatasi zitanyonya kilainishi kilichozidi na utaziona zimelowa mafuta. Usiache usiku kucha, utaupata mkavu unaovunjikavunjika. Friji nayo inasaidia kwa dakika 10, lakini funga udongo kwenye mfuko wa plastiki na usiufungue mpaka urudi kwenye joto la chumba, la sivyo utatoa jasho, na jasho hilo ndilo mwezi mweupe wa kesho. Usiuache kwenye gari lililoegeshwa juani. Utaanza kujioka wenyewe. Na usiuhifadhi kwenye vikopo vya plastiki ngumu angavu yenye namba 6 chini yake, maana kilainishi hula plastiki hiyo. Namba 5 ni salama.

Usafi una mpangilio wake: kazi ya nyeupe kwanza, ya nyeusi mwisho. Nyeusi huacha rangi kwenye kucha na kwenye mashine, na fuvu jeupe litakaloshikwa baada yake litakuwa la kijivu. Vaa nguo isiyotoa nyuzi, funga nywele, zima feni. Kipande cha mabaki ya udongo ukikiviringisha juu ya meza kabla ya kuanza kitaokota vumbi kuliko kitambaa chochote. Nyuzi zilizonasa juu ya nyeusi mbichi ondoa kwa pamba ya masikio iliyoguswa spiriti kidogo. Spiriti hiyohiyo hulainisha alama za vidole. Kidogo tu. Ikizidi, uso unakuwa na utelezi na kunata.

Dirisha la shingoni

Mfano mzuri wa kujifunzia ni kidani chenye umbo la dirisha la kigothi, kwa sababu hesabu yake ni rahisi na haidanganyi. Neno lenyewe lilihusu majengo kabla ya kuhusu mavazi: mtindo wa matao yaliyochongoka ulioanza Ufaransa karne ya 12, kwenye abasia ya Saint-Denis karibu na Paris. Aliyeko Dar es Salaam anaweza kwenda kutazama madirisha ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na Wajerumani kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Wa Nairobi ana All Saints. Picha moja ya simu iliyopigwa kutoka mbele inatosha kukufundisha uwiano.

Chora kwenye kadi ngumu mstari wa kulala wa milimita 30. Fungua bikari milimita 30 kamili, weka ncha kwenye mwisho wa kushoto uchore upinde, kisha mwisho wa kulia uchore mwingine. Pinde zitakutana milimita 26 juu ya mstari. Shusha kuta mbili za milimita 20 chini ya mstari, funga chini, na umepata dirisha lenye urefu wa milimita 46. Ndani yake, gawa mstari katikati na uchore matao mawili madogo kwa njia ileile, bikari ikiwa milimita 15. Juu yao, katikati, panabaki nafasi ya duara. Duara hilo lina kipenyo cha milimita 15 na kitovu chake kipo karibu milimita 17 juu ya mstari. Litagusa matao mawili madogo na pinde mbili kubwa bila kulazimisha. Wajenzi wa makanisa walitumia mpango huu huu, na macho huutambua hata kwa mtu asiyejua kwa nini.

Tandaza udongo mweusi hadi unene wa milimita 1.5. Kipimo bila mashine: weka karata tano upande huu na tano upande ule, viringisha chupa juu yake. Kata vipande viwili kwa kutumia kadi yako, vikubwa kidogo kuliko mchoro. Sasa chukua waya wa shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu wa milimita 0.8, kunja tundu la kupitishia mkufu, kisha miguu yake miwili isokote pamoja na kuikunja ncha kama ndoano, urefu wa milimita 20. Ilaze juu ya kipande cha kwanza ukiikandamiza izame, funika kwa kipande cha pili ukianzia ukingo mmoja kuelekea mwingine ili hewa itoke. Udongo haushikani na chuma. Kinachouzuia waya usichomoke ni ule msokoto na ndoano, wala si gundi. Hivyo anayechomeka pini iliyonyooka baada ya kuoka na kuitia supa gluu anajitengenezea hasara ya miezi michache ijayo.

Ukiona kivimbe, kitoboe kwa sindano iliyolazwa mshazari, sukuma hewa, funga tundu kwa kidole. Kisha kata umbo kwa kipimo kamili kwa wembe ulionyooka, ukishuka moja kwa moja badala ya kuvuta.

Mistari ya dirisha hutengenezwa kwa kamba za udongo zenye unene wa milimita 1.5. Ziviringishe chini ya kipande cha kioo au plastiki ngumu, kamwe si kwa vidole, kwani vidole huacha mawimbi. Panga kwanza fremu ya nje, kisha matao madogo, duara likiwa la mwisho. Ziguse kwa udongo wa maji, ule unaouzwa kwenye chupa kama gundi ya udongo kwa udongo, kiasi cha ncha ya kijiti cha meno. Ukiumwaga zaidi utatambaa kwenye sakafu ya dirisha na kuacha mng'ao mahali usipoutaka. Ndani ya duara panaingia jiwe la kioo la milimita 12 lenye tumbo la mbinuko na mgongo bapa, jekundu kama unataka mtindo uliozoeleka, zambarau kama unanisikiliza mimi. Liwe kioo kweli. La akriliki litapinda ndani ya oveni. Kioo nacho hakishikani na udongo, kwa hiyo zungushia kamba nyembamba inayopanda kidogo juu ya ukingo wa jiwe.

Fuvu, kwa wanaolitaka, ni tonge la milimita 12 la sehemu 4 za udongo angavu, 2 za nyeupe na chembe ya rangi ya haradali. Libane pande mbili chini kidogo ya katikati lipate mashavu, bonyeza mashimo ya macho kwa kijiti chenye kichwa cha milimita 3, na pua iwe alama mbili za sindano zilizoinamiana kama paa la nyumba. Watu hukosea kwa kuweka macho juu mno. Kwenye fuvu la mtu mashimo ya macho yapo karibu nusu ya urefu wote. Ukiyapandisha unapata nyani.

Oveni

Hapa ndipo vito vingi huharibika kimyakimya. Fimo huokwa kwa nyuzi 110 za Selsiasi, Premo 130, Cernit kati ya 110 na 130, Kato 150. Muda wa kawaida ni dakika 30 kwa kila milimita 6 za unene, na mimi hushauri kidani hiki kikae dakika 45 hadi 60. Muda ukizidi kwenye joto sahihi hakuna madhara. Joto likizidi, madhara ni makubwa.

Usiamini kitufe cha oveni. Nunua kipimajoto cha kuweka ndani, na ukipime pale pale kito kinapokaa. Oveni ndogo za mezani hupanda na kushuka, na nondo zake za juu ziko karibu mno na kazi. Washa mapema, weka kipande kizito cha tailizi ndani ili kitulize joto, juu yake karatasi nyeupe, kisha kito, na funika yote kwa sinia la foili lililogeuzwa. Karatasi ina kazi: udongo unaogusa tailizi moja kwa moja hupata mabaka yanayong'aa mgongoni. Kitu chenye mkunjo, kama bawa la popo lililoinuliwa, kilaze kwenye kitanda cha bekingi soda, ukioshe baadaye. Oveni ya mkaa haifai, haishiki joto moja. Ya gesi inafaa ukikaa nayo karibu.

Nyeusi ina hatari yake ya pekee. Nyeupe ikiungua inageuka njano na unaona mapema. Nyeusi haikuonyeshi kitu. Ukipita nyuzi 175 PVC huanza kuvunjika na kutoa gesi ya kloridi hidrojeni, inayochoma macho na koo. Ukisikia harufu kali, zima, fungua madirisha, toka nje, usifungue mlango wa oveni kuchungulia.

Kwa upande mwingine, udongo ambao haukupata joto la kutosha unadanganya zaidi. Chembe zimegusana juujuu tu, kito ni kigumu mkononi, mteja amelipa, halafu kinadondoka sakafuni na kukatika vipande viwili. Kwa hiyo oka pamoja nacho ukanda wa majaribio: unene milimita 1, upana 10, urefu 60, wa udongo uleule. Ukishapoa kabisa, ukunje kama herufi U. Ukikunjika, salama. Ukikatika, rudisha kito oveni kwa nyuzi 5 hadi 10 zaidi, bila kuvuka ukomo wa mtengenezaji. Kuoka mara ya pili hakuharibu chochote. Umeme ukikatika katikati ya kazi, acha kila kitu ndani, na ukirudi hesabu muda upya tangu joto lifike. Kito cha moto ni laini. Usikijaribu nguvu wala kukinyanyua kwa tundu lake mpaka kipoe.

Kung'arisha na kuacha

Wachongaji wa jeti walijua kwamba weusi mtupu unaong'aa wote hauna sura. Waling'arisha sehemu zilizoinuka na kuacha mabonde yakiwa yamefifia. Fanya hivyo hivyo. Tumia msasa wa maji, namba 400, 600, 800, 1000, 1500 na 2000, ndani ya bakuli la maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Maji huzuia vumbi la PVC lisiingie mapafuni. Usiruke namba: mikwaruzo ya 400 haiondolewi na 1500, na utaiona tu baada ya kung'arisha, wakati umechoka. Kausha kito kila unapobadilisha namba, kitazame ukikielekeza kwenye dirisha kwa mshazari. Kikiwa na kijivu sawasawa kila mahali, endelea. Mwisho sugua kwa kitambaa cha jinzi kwa nguvu dakika kadhaa, au kwa gurudumu la kitambaa kwenye mashine ndogo, kwa kasi ya chini na bila kutulia mahali pamoja, maana joto la msuguano huyeyusha uso. Kingo na mistari itang'aa. Sakafu ya dirisha, ambako msasa haufiki, itabaki kama masizi.

Anayetaka fedha iliyozeeka juu ya mistari ana njia mbili. Ya kwanza ni poda ya maika, unga wa madini unaometa, inayopakwa kwa kidole kwenye migongo ya kamba kabla ya kuoka. Ni nzuri, lakini ikimwagikia weusi haitoki, na huhitaji vanishi juu yake kwa sababu hufutika. Ya pili ni rangi ya akriliki ya metali baada ya kuoka na kusugua, brashi ikiwa karibu kavu. Chagua kijivu cha risasi badala ya fedha inayometa. Fedha inayometa juu ya nyeusi inafanana na karatasi ya chokoleti. Fuvu lipakwe akriliki ya kahawia iliyokoza yote, kisha lifutwe baada ya dakika moja kwa kitambaa chenye unyevu, rangi ibaki kwenye mashimo.

Vanishi kwenye nyeusi iliyosuguliwa vizuri haihitajiki, na mara nyingi huiharibu kwa kuifunika na ngozi ya plastiki. Palipo na poda au rangi, tumia poliurethani ya maji, tabaka mbili nyembamba. Rangi ya kucha isiyo na rangi, ambayo wengi huikimbilia kwa sababu ipo nyumbani, ina viyeyusho vinavyoshambulia PVC: wiki kadhaa baadaye kito kinaanza kunata, vumbi linakaa, na hakisafishiki tena. Vanishi nyingi za kupuliza zina tabia hiyohiyo.

Kwa hereni, tumia gundi ya epoksi ya sehemu mbili kwenye vigongo vyake, vile vijiti vya kupita sikioni, baada ya kukwaruza pande zote mbili kwa msasa wa 400, na uache saa 24 kabla ya kuvaa. Vigongo na kulabu viwe vya chuma kisichoshika kutu au titani, kwa kuwa nikeli ndiyo inayowasha masikio ya watu wengi. Kidani cha dirisha hiki hakifiki gramu 10 pamoja na jiwe lake. Kwa hereni punguza vipimo vyote nusu, bikari milimita 15 na 7.5, ila kamba ziwe za milimita 1. Mkufu upite kwenye pete moja ya waya iliyotiwa kwenye tundu la kidani, ili dirisha litazame mbele. Ukitumia pete mbili, moja ndani ya nyingine, kidani kitakaa ubavu.